Barafu Kwenye Kisanduku cha Joto

Kwa miaka mitatu nilikuwa dereva wa seli. Sijui namna nyingine ya kuieleza kazi ile. Kwenye ikama yangu, kibali cha ukaaji, waliandika dereva wa nyumbani, na kweli asubuhi nilimpeleka madam kazini, jioni nikamrudisha, katikati nikanunua maji na mkate na kuosha gari. Lakini kila baada ya wiki sita hivi niliondoka Riyadh alfajiri na kisanduku cheupe kwenye kiti cha mbele. Nilikifunga mkanda kama mtu. Ndani yake mlikuwa na chupa bapa sita za plastiki, na ndani ya chupa, kwenye maji mekundu kama sharubati, seli hai za binadamu. Nilizipeleka Jeddah, mwendo wa saa tisa au kumi, nikarudi kesho yake na kisanduku kitupu.

Madam alikuwa daktari wa kufundisha chuo kikuu, mwanamke wa makamo kama mimi, na ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu. Nilimwita daktari. Alipanda viti vya nyuma na makaratasi yake, na foleni ilipokuwa ndefu alizungumza kwa Kiingereza cha polepole, nami nikajibu kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Kwa miezi ya kwanza nilidhani anazungumza na simu.

Siku moja tulikwama kwenye barabara ya mzunguko, ile inayoizunguka Riyadh na ambayo watu huitaja kwa namba za njia za kutokea. Akaniuliza kama najua ninachobeba. Nikasema najua, ni seli. Akauliza, seli zinafanya nini humo ndani? Nikasema zimelala.

"Hazijalala," akasema. "Zinajinakili. Kabla seli moja haijawa mbili, lazima maandishi yake yote yanakiliwe. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu: zinaanzia wapi."

Akaanza na bakteria. Maandishi ya bakteria, alisema, ni duara, kama barabara hii tuliyokwama. Mahali pa kuanzia ni pamoja tu. Chukua njia ya kumi. Magari mawili yanatoka hapo, moja linakwenda kulia na jingine kushoto, kila moja linanakili linapopita, mpaka yanakutana upande wa pili wa mji. Bakteria akiwa na chakula kingi hana subira. Magari ya kwanza hayajakutana, yeye ameshatoa mengine pale pale.

"Na mtu?" nikauliza.

"Mtu ni barabara ya Jeddah."

Hapo nilimwelewa kabisa. Barabara ile ni ndefu mno kuanzia mahali pamoja. Kwa hiyo kazi huanza kwenye vituo vingi, maelfu, kama vituo vya petroli, kila kimoja kikitoa magari yake mawili, mpaka vipande vyote vinaungana. Hamira iko katikati: nayo ina vituo vingi, lakini kila kituo kina kibao, maandishi fulani yanayosema anzia hapa. Kwa binadamu kibao hakionekani. Vituo hufunguliwa pale ambapo pana nafasi, leo hapa, katika seli jirani pale. Aliniambia pia kuna viumbe vidogo vya chemchemi za moto ambavyo ukiviona utasema bakteria, lakini namna yao ya kuanza inafanana zaidi na yetu. Hao sikuwaelewa vizuri na sikutaka kumchosha.

Jambo lililonikaa ni la leseni. Kila kituo, alisema, hupewa leseni kabla kazi haijaanza. Kazi ikianza, hakuna leseni mpya. Kituo kikishafanya kazi, leseni yake inafutwa, na hata magari ya jirani yakipita juu yake inafutwa, ili pasiwe na kipande kinachonakiliwa mara mbili. Mpaka seli igawanyike, ndipo leseni zitolewe upya.

"Kama ruhusa yetu wageni ya kutoka nchini na kurudi," nikasema. "Ukishaitumia imekufa."

Alicheka. "Na vingi vina leseni lakini havifungui," akasema. "Vinakaa tu. Magari ya jirani yakikwama, yakipata madhara, basi vile vya akiba vinafungua. Watu wengi wanasema havifungui bila madhara. Mimi nasema labda vinafungua."

Jioni hiyo, chumbani kwangu mtaa wa Shumaisi, nililala chali nikiwaza vituo vyenye leseni ambavyo havifungui. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Nimezaliwa Kitale, na tangu nimalize shule sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka minne. Nimeuza vipuri Nakuru, nimelinda geti hapa Riyadh, nimeendesha gari la mzee mmoja Jeddah mpaka akafariki. Kila mahali niliponaswa na uchovu nilijiambia naanza upya. Nilianza upya mara nyingi sana hata sijui wapi nilianza kwa mara ya kwanza.

Binti yangu alibaki Kitale na mama yangu. Mama yake aliolewa kwingine zamani. Nilimwacha akiwa na miaka kumi na moja, na sasa alikuwa na kumi na tano, anasubiri kuingia gredi ya kumi, shule ya bweni. Simu zetu za Ijumaa zilikuwa fupi. Lakini mwaka ule aliniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Baba, Januari utanibebea sanduku?"

"Nitabeba."

"Wewe mwenyewe? Usitume mjomba."

"Mimi mwenyewe. Mpaka bwenini."

"Wanaume hawaingii bwenini, baba."

"Basi mpaka mlangoni."

Nilimweleza daktari. Akasema ngoja amalize kazi ya mwaka huo, ramani moja tu ya vituo imebaki, halafu atanipa ruhusa Januari yote. Alisema hivyo Agosti. Ramani ilihitaji safari moja.

Safari hiyo niliifanya mwezi wa tisa. Kisanduku kilikuwa na kazi moja: kuziweka seli kwenye joto la mwili, thelathini na saba, namba iliyowaka kwa kijani mbele yake. Umeme kilipata kwa waya uliochomekwa pale pa kuwashia sigara. Daktari alikuwa amenipa blanketi la kijivu na maneno machache. Umeme ukikatika, kifunike blanketi, endelea na safari. Kisanduku chenyewe kinatunza joto kwa saa nyingi. Usifungue. Halas, basi.

Nilikuwa nafika Dhalm, mji mdogo wa njiani, Taif bado iko mbali, namba ya kijani ikazimika. Nilichomoa waya, nikachomeka. Giza. Fyuzi ya gari ilikuwa imeungua, na nyingine sikuwa nayo. Nikasimama kwenye kituo cha petroli. Nilipofungua mlango, upepo uliingia kama wa mlango wa tanuri la mkate. Kipimo cha gari kilisema arobaini na tatu.

Nataka kueleza nilivyofikiri, kwa sababu sikuwa mzembe. Dereva yeyote wa nyumba za huku hufundishwa jambo moja kabla hata ya kufundishwa njia: kitu kikikaa garini kinaharibika. Maziwa, nyama, dawa, chokoleti za watoto. Yule mzee wangu wa Jeddah alitumia insulini, na mara moja niliiacha kwenye gari kwa muda wa kununua samli tu. Mkewe alinisomea vitabu vyote. Tangu siku hiyo nilitembea na kijokofu cha plastiki kwenye buti. Sasa nilikuwa na kisanduku kisicho na umeme, nje arobaini na tatu, na seli za mtu ambaye simjui, na mkononi nimeshika blanketi. Nililitazama blanketi. Nikaona huu ni wazimu. Nani hufunika kitu blanketi jangwani?

Nikanunua mifuko mitatu ya barafu. Nikaweka kisanduku ndani ya kijokofu, mfuko mmoja chini, miwili ubavuni. Nilijisifu. Nilizungumza nazo njiani, kama nilivyokuwa nikifanya kila safari, maana redio hupotea kwenye sehemu zile na mtu hujisikia kama amebaki peke yake duniani. Niliziambia, poleni abiria, tutafika.

Taif fundi mmoja Mpakistani aliweka fyuzi mpya. Namba ya kijani iliporudi ilisoma kumi na mbili. Nikajua hapo hapo. Thelathini na saba ndiyo ilikuwa amana yangu, nami nimeishusha mpaka kumi na mbili kwa mikono yangu. Nilimwaga barafu kando ya barabara. Kisanduku kikaanza kupanda, kumi na tano, ishirini, na mimi nikashuka milima nikitazama namba kuliko barabara. Pale penye kibao kinachowatenga wasio Waislamu nikashika njia yangu ya pembeni, nikaizunguka Makka kama kawaida. Kufika Jeddah ilisoma thelathini na saba. Kijana wa maabara akafungua, akatazama, akasema ziko sawa. Daktari alikuwa ametangulia kwa ndege. Akaniuliza mlangoni:

"Njiani vipi?"

"Mafi mushkila, daktari."

Hakuna tatizo: maneno mawili ya Kiarabu ambayo kila mgeni hujifunza wiki ya kwanza. Yalitoka yenyewe.

Nilitegemea zife. Kitu kikifa, kinaonekana, watu wanauliza. Hazikufa.

Ramani ilitoka mwishoni mwa Novemba. Daktari aliingia garini asubuhi bila salamu, akanipitishia kompyuta yake katikati ya viti tukiwa kwenye taa nyekundu. Mistari ya buluu, na juu yake vilele vyekundu vingi kama meno ya msumeno.

"Unakumbuka vituo vya akiba?"

"Vyenye leseni, havifungui."

"Vimefungua!" Alipiga kiti changu kwa kiganja. Sikuwahi kumwona hivyo. "Vingi, tazama! Na seli zenyewe hazijaumizwa, hazijatiwa dawa, hazijaguswa. Zilikaa kwenye joto lake mwanzo mpaka mwisho."

Taa ikawa kijani. Aliyekuwa nyuma yetu akapiga honi.

"Yalla, endesha," akasema akicheka. Halafu, tulipokuwa tunakaribia chuo: "Mwishoni mwa makala huwa kuna shukrani. Nitaandika jina lako. Kamili, kama lilivyo kwenye pasipoti."

Jina langu liliwahi kuchapishwa kwenye cheti cha shule na kwenye vibali. Hakuna kingine. Nilimshusha, nikaegesha chini ya mti wa mwisho penye kivuli, nikakaa na injini imezimwa mpaka kivuli kikahama.

Chumba changu nilikigawana na Mkenya mwenzangu, mlinzi wa jengo, mtu wa Kakamega anayecheka kabla hujamaliza sentensi. Jioni akiwa anakoroga ugali nilimweleza yote.

"Kwa hivyo?" akasema.

"Kwa hivyo ni barafu. Hakuna kilichofunguka chenyewe. Nilizitesa."

"Buda, wewe ni dereva ama ni pasta? Hizo vitu hata kwa macho huzioni."

"Yeye anaziona."

"Ameona, amefurahi. Amekupa leave ya Januari. Amekuandika kwa kitabu. Sasa unataka kumwambia nini, asifurahi?" Akageuza ugali kwa nguvu. "Ukisema, atarudia. Akirudia, nani atapeleka? Wewe. Lini? Hebu niambie lini."

Nilijua lini. Seli huchukua wiki kadhaa kukua na kuzoea. Mashine ya Jeddah inayochora ramani hizo hupangwa kwa zamu, na nilikuwa nimesikia daktari akisema kwenye simu kwamba nafasi iliyobaki kabla ya siku yake ya kutuma makala ni wiki ya pili ya Januari. Wiki hiyo hiyo shule za Kenya zinafunguliwa.

"Nyamaza," akasema mwenzangu, sasa bila kucheka. "Mtoto anakungoja. Seli hazina mtoto."

Alikuwa sahihi na nilinyamaza siku tisa. Katika siku hizo binti yangu alinitumia picha ya sanduku, la bati, jeusi, kufuli bado ina karatasi. Kila asubuhi daktari aliongea nyuma yangu juu ya vile vilele vyekundu. Alikuwa ameanza kuandaa somo la wanafunzi. Alijizoeza kwa sauti, nami nikasikia: katika seli za bakteria mwanzo ni mmoja, katika hamira mianzo ni mingi na ina alama, katika seli zetu, kama tulivyoonyesha sasa, vituo vya akiba hufunguka hata zikiwa salama kabisa. Hapo alikuwa akisimama kidogo kabla ya kuendelea, kama mtu anayeonja chakula alichopika mwenyewe.

Salama kabisa. Nilizoea kujidanganya mwenyewe, hilo ni rahisi kwa mtu wa kuhamahama, maana anayekujua unamwacha mji uliopita. Lakini vijana wale wangeandika kwenye madaftari, na wengine wangekuja kufundisha wengine, na chini yake yote kungekuwa na mifuko yangu mitatu ya barafu.

Siku ya kumi, asubuhi, nilisimamisha gari mbele ya mlango wa chuo, sikufungua kufuli za milango.

"Daktari, safari ya mwezi wa tisa umeme ulikatika. Niliweka kisanduku kwenye barafu."

Nilimwona kwenye kioo, mkono umeshika mpini wa mlango.

"Barafu?"

"Ya kituo cha petroli. Mifuko mitatu."

"Kwa muda gani?"

"Kutoka Dhalm mpaka Taif. Saa mbili na nusu. Namba iliporudi ilikuwa kumi na mbili."

Alitoa simu akaandika. Aliuliza mifuko niliiweka upande gani, kama chupa zilisimama au zililala, kisanduku kilichukua muda gani kupanda. Nilijibu kila kitu. Kwa dakika zile hakuwa na hasira, alikuwa anafanya kazi. Halafu akaweka simu chini.

"Nilikupa blanketi."

"Ulinipa."

"Kwa nini hukufunika?"

"Nje ilikuwa arobaini na tatu, daktari. Nikaona blanketi ni wazimu."

Alitoa sauti fupi, kama kicheko kilichokosa njia. "Na ulisema mafi mushkila."

"Nilisema."

"Fungua mlango."

Jioni nilimrudisha nyumbani. Kisha akasema, akitazama lango: "Lazima nirudie. Nafasi ni ile ya Januari. Mtu mwingine wa kuzipeleka sina, na kwenye ndege haziruhusiwi." Akakusanya makaratasi yake. "Naweza kukupa Februari. Januari siwezi."

"Naelewa."

"Sikuadhibu."

"Najua, daktari." Na nilijua. Ingekuwa adhabu ingekuwa nyepesi zaidi, ningemkasirikia.

Ijumaa nilimpigia binti yangu. Nilimweleza kwamba nilikosea kazini kwa kununua barafu pasipohitajika, nikasema ukweli, na sasa lazima nirudie kazi, nitakuja Februari.

"Sawa," akasema. Nikasikia kuku wa mama kwa mbali. "Ungenyamaza wangejua?"

"Hapana."

"Si ungenyamaza, baba?"

Baadaye nilifikiria majibu mengi mazuri, ya aina ambayo wazazi huyasema, lakini wakati ule nilikaa na simu sikioni mpaka bibi yake akaichukua na kuuliza kama nakula vizuri.

Niseme hapa hapa kwamba ramani ya pili ilitoka tambarare. Vilele vyekundu vilikuwa vichache, mahali pake pa kawaida. Vituo vya akiba vilikuwa vimefungwa. Daktari alinionyesha kwenye taa ile ile nyekundu na hakupiga kiti. Alisema tu, "Barafu yako imenifundisha kitu, lakini si kile nilichokitaka." Kuhusu shukrani sikuuliza.

Lakini safari yenyewe ndiyo ninayoikumbuka. Januari jangwa ni baridi, na nilitoka Riyadh na koti. Nilifunga kisanduku mkanda. Plagi ilikuwa mpya, fyuzi tatu za akiba mfukoni, na blanketi la kijivu nimelifunika juu yake tangu mwanzo ingawa umeme ulikuwapo. Sikuzungumza nazo. Kila nilipotazama saa niliongeza hesabu ya kichwani: sasa binti yangu na mama wanatoka nyumbani, sasa wako stendi, sasa mama anapumzika kwa sababu ya magoti.

Nilisimama Dhalm kwenye kituo kile kile. Pale mlangoni palikuwa na friza ya barafu, na juu yake paka amelala juani. Simu ikalia, ujumbe wa sauti kutoka namba ya mama.

"Baba, nimefika." Upepo, sauti za wasichana, mtu anapiga filimbi. "Mjomba alikuwa na kazi, ni bibi tu amenileta. Sanduku nimebeba na msichana mwingine, yeye pia amekuja na bibi yake. Tumeshika yangu, yeye huku mimi huku, tumefikisha, tukarudia yake. Tumepangwa bweni moja. Simu narudisha kwa bibi sasa, hawaruhusu." Nikadhani amemaliza. "Na baba, usinunue barafu."

Niliusikiliza mara tatu, nimesimama kati ya gari na friza. Mara ya tatu nilisikia kwamba alikuwa anacheka, au alikuwa karibu kulia; kwa simu zile huwezi kujua. Nilimjibu lakini nilijua ujumbe utakaa kwa mama mpaka likizo.

Nikaingia garini. Nikainua pembe ya blanketi: thelathini na saba. Nikalirudisha, nikalikunja vizuri chini ya mkanda, nikawasha gari.